Heko kwa Mficha Mafaili

Washairi wamemsifu simba, wakamsifu farasi, hata chatu akapata beti zake. Aliyesahauliwa ni kirusi cha njia ya mkato, mkazi wa kudumu wa flashi zinazochomekwa kwenye saiba za mitaa yetu ya Kiandutu na Makongeni. Leo namlipa deni lake.

Sifa ndogondogo kwanza. Hana ukabila wala majivuno: hutoka kompyuta ya saiba akaingia ya nyumbani, ile ya mtumba, bila kuuliza kama Windows yako ni halali. Ni mchapakazi, hasa wiki ya mwisho ya Juni, watu wanapopanga foleni kuwahisha ritani za kodi kabla ya tarehe 30. Na ukoo wake ni wa kutajika. Mwaka 2010 jamaa yake Stuxnet aligunduliwa akitumia ujanja wa mafaili hayohayo ya njia ya mkato, na safari yake ikamfikisha kwenye kiwanda cha urani cha Natanz, Iran. Ukoo wa hadhi hiyo, na bado hauoni haya kupanda matatu hadi kwetu.

Lakini sifa yake kuu ni uaminifu. Ukifungua flashi ukakuta folda ya chama, picha za sherehe ya ruracio na CV ya shemeji zimegeuka ikoni zenye kishale pembeni, usilie. Hajafuta hata herufi. Amezifunika tu, akazipandisha cheo ziwe za mfumo, zile ambazo Windows haizianiki mbele ya wageni. Kisha mlangoni pa kila folda amesimamisha karani mwenye jina lilelile. Ukimbonyeza, karani humwita kwanza bwana wake ajiweke kwenye kompyuta yako, halafu hukufungulia folda kwa adabu, kila kitu mahali pake. Ni kama mwizi anayekesha akihesabu vijiko vyako ili asubuhi usikose hata kimoja.

Hata kumuaga ni rahisi. Usimbonyeze karani. Simamisha wscript kwenye orodha ya programu zinazoendelea, maana mara nyingi ndiyo inayomwendesha bwana wake, na ufute hati yake kwenye folda ya programu zinazoanza na kompyuta. La sivyo utafunua naye atafunika mpaka kuche. Kisha fungua lile dirisha jeusi la amri, hamia kwenye herufi ya flashi, andika attrib -h -s -r /s /d *.* na ubonyeze Enter. Ile -h huvua kifuniko, -s huvua cheo, /s huipeleka amri hadi folda za ndani kabisa, na /d huifanya iziguse folda zenyewe. Mafaili hayo! Yanakili mahali safi, futa vile vishale, ndipo uite antivairasi. Hakuna ada wala njoo kesho.

Sasa mpelekee fundi flashi hiyo. Hajaketi, hajauliza ndani mna nini: “Hii tufomati tu, boss.” Tufomati! Hesabu za chama, picha za marehemu nyanya, vyote! Kirusi alificha, fundi anazika, na pesa anazitaka kabla ya mazishi. Ukilalamika: “Si ungesema mapema?”

Na afadhali fundi, kijana anayetafuta unga. Nimesimama kwenye dirisha la ofisi moja ya umma nikataja namba ya faili. Karani, huyu wa nyama na damu, akapotea nyuma ya kabati, akarudi na chai. “Faili haionekani, mzee. Jaribu wiki ijayo.” Aliyekuwa mbele yangu aliambiwa hivyohivyo, akaitwa kando, na faili lake likaonekana kabla chai haijapoa.

Kilio cha mafaili ya ardhi kuyeyuka ni cha miaka mingi, na Aprili 2021 serikali ya Kenya ilizindua mfumo wa Ardhisasa, ikianzia Nairobi, ili karatasi zihamie kwenye kompyuta. Vyema. Ila Kiandutu, ambako watu wamezeeka chini ya mabati bila hatimiliki, tunajua kompyuta haifunui ila kile ambacho mtu amekubali kukiingiza.

Wenye virusi wametupita hata kwa uwazi. Ndugu wawili wa Lahore, Pakistan, walipounda kirusi Brain mwaka 1986, waliandika ndani yake majina yao, anwani ya duka na namba za simu, aliyeathirika awapigie. Nitajieni masjala yenye adabu hiyo. Ndiyo maana napendekeza Bwana Kirusi aajiriwe huko, kazi ya kudumu na pensheni juu. Afiche kila faili usiku mmoja. Angalau tutajua kwamba yote yapo, na kwamba amri ya kuyatoa ni moja kwa kila mwananchi, inajulikana, wala haipandi bei ukionekana umevaa viatu vizuri.