Peugeot ya Marehemu Mzee, Bei Haipungui

Wanaomcheka muuzaji wa Peugeot 504 ya mwaka 1974, “gari la familia, limetunzwa”, kwa kudai bei ya ploti, hawajui hesabu. Aina hiyo ilishinda Safari Rally mwaka 1975, ikarudia 1978. Ni haki basi kila moja iliyopeleka watoto kanisani Jumapili idai fungu lake la kombe. Watasema haijawashwa miaka na mikaka. Nani basi ameitunza injini kuliko asiyeiwasha? Sakafu imeliwa na kutu, naam, ila dereva anapigwa na upepo bila gharama ya kiyoyozi. Na viti bado vina nailoni za kiwandani: ukoo mzima umeungua mapaja nusu karne ili mnunuzi awe wa kwanza kukalia kitambaa.