Sifa za King'ora cha Moshi

Mnazi umesifiwa, jahazi limesifiwa, hata gongo limepata mawakili wake. King'ora cha moshi cha bweni la wanafunzi hakijatungiwa hata ubeti mmoja, na mimi ninayesoma Aberdeen, kaskazini mwa Uskoti, naona dhuluma hiyo sasa imetosha.

Tuanze na nasaba, maana asifiwaye hutajwa kwanza ukoo. Vya siku hizi vingi hutumia mwanga, lakini babu yao hubeba tumboni chembe ya amerisi, elementi iliyotengenezwa na Glenn Seaborg na wenzake mwaka 1944, wakati Marekani imo mbioni kuunda bomu la atomiki. Chembe hiyo huwezesha umeme kidogo kupita hewani. Moshi ukiingia kati, umeme unapungua na kelele zinaanza. Nguvu ya amerisi hiyo hupungua nusu baada ya miaka zaidi ya 430. Nitajieni sultani aliyedumu hivyo.

Makazi yake nayo yamechaguliwa kwa busara. Hakikai jikoni. Jikoni yupo ndugu yake mpole anayepima joto tu, ambaye vitunguu vyako havimhusu. Chenyewe kimetulia kwenye dari la korido, kinasubiri mtu auache wazi ule mlango mzito wa kuzuia moto.

Na siku ya mwanafunzi wa ugenini ilivyo, bila king'ora ingepita kama haikuwapo. Jumatano asubuhi kinajaribiwa kwa sekunde chache, kila wiki, na hapo ndipo ninapojua kuwa ni Jumatano. Jua halina msaada: mwezi wa Desemba linazama kabla ya saa tisa na nusu alasiri, saa ambayo kwetu Tanga mtu bado anatafuta kivuli. Siku moja darasani mhadhiri aliuliza kama kuna swali, hakukuwa na swali. Maktaba kimya. Dukani nikajihudumia kwenye mashine ya kulipia, nayo ikanishukuru kwa adabu kubwa, na ikawa ndiye mtu wa kwanza kunisemesha siku hiyo.

Jioni nikabandika dagaa wa Kigoma. Mikono ilikuwa na bakuli na sufuria, mlango ukabaki wazi, mafuta yakashika moto wake, na mheshimiwa akaitikia.

Lo! Hakuna mwaliko wa harusi unaotiiwa na watu namna ile. Jengo zima lilishuka ngazi. Jirani wa chumba cha mbele, ambaye mpaka siku hiyo nilimfahamu kwa jina lililoandikwa kwenye chupa yake ya maziwa, alitoka na suruali ya kulalia. Dada wa kutoka China alikuwa na taulo kichwani na povu sikioni. Tukapangwa kwenye maegesho ya magari, upepo wa bahari unatupekua, tukimsubiri mlinzi wa zamu aje na funguo. King'ora ndiye balozi wetu wa nyumba kumi: hakuna aliyemchagua, hakuna anayempenda, lakini akiita, mnafika wote na mnajuana.

Wakaanza kuuliza nani kapika nini. Nikasema mimi, samaki wadogo, wanaliwa na vichwa vyao. Suruali ya kulalia ikataka kujua kama wamebaki.

Wapo wanaokilaumu kwamba hakina akili, kinalilia mkate uliobabuka sawasawa na nyumba inayoteketea. Hao hawajaelewa haki ni nini. Mkate wa Mskoti, dagaa wangu, mvuke wa bafu la huyo dada: vyote hukumu moja, sauti moja, usiku au mchana. Kuna mkazi mwenzetu aliyewahi kubandika karatasi kwenye friji, bila jina, akilalamikia "harufu fulani". King'ora hakibandiki karatasi. Kina neno na wewe, kinalisema papo hapo, mbele ya watu, na mlinzi akishabonyeza kitufe hakina kinyongo. Wangapi kati yetu wanaweza hivyo?

Wengine hukifunga soksi au mfuko wa plastiki. Bweni huwatoza faini, na mimi kwa mara ya kwanza niko upande wa bweni.

Tuliporudi juu watu hawakwenda vyumbani. Walisimama jikoni, wengine hawajawahi kuingia humo kukiwa na zaidi ya mtu mmoja, wakala dagaa kwa vidole, na dada wa China akasema kwao wapo wanaofanana nao ila wao huweka karanga. Mnigeria wa ghorofa ya tatu hakuvutiwa. Alisema hicho si chakula, ni kionjo, na Ijumaa atakaanga ndizi na pilipili tuone moshi wa kweli. Nimeshaweka koti karibu na kitanda.