Peke Yangu, na Madumu ya Mawese

Kuna watu mahali fulani wanaolipwa mshahara ili wanishawishi nisafiri peke yangu. Nimewavumilia vya kutosha. Nikifungua simu kutazama kama kuna kituo kilichopata petroli, wananitolea mtu amekaa juu ya jabali, ametupa mgongo, anatazama bahari. Nikitafuta bei ya betri, mtu yuleyule sasa yuko juu ya ngamia. Chini yake wameandika kwa Kifaransa laini kwamba mimi si mtu wa kufuata kundi, kwamba watu wa namna yangu huona njia pale ambapo wengine huona ukuta. Mimi nakaa Buyenzi, hapa Bujumbura. Ukuta ninaouona ni wa jirani, na nyuma yake wanasikia hata nikikohoa.

Aliyeniponza ni mpwa wangu. Alinitumia mtihani wa tabia kwenye simu, "Mjomba, jibu harakaharaka, usifikirie sana." Swali la kwanza: kwenye sherehe, unapenda kuzungumza na watu wengi au wachache? Aliyetunga swali hilo hajawahi kualikwa Bujumbura. Hapa sherehe haikuulizi unapenda nini. Inakuita kwenye kamati, kamati inakupangia mchango, na siku yenyewe unakalia kiti cha plastiki ukisikiliza wazee wa pande mbili wakirushiana mafumbo juu ya ng'ombe ambaye ukumbi mzima unajua ni bahasha. Swali jingine: je, hufanya maamuzi makubwa bila kushauriana na mtu? Nilijibu "ndiyo" baada ya kumuuliza mke wangu.

Majibu yakaja. Nimepewa herufi nne, I-N-T-J, na maelezo kwamba ninajitegemea kifikra, nina dira yangu mwenyewe, sihitaji kushikwa mkono. Tangu siku hiyo yule wa jabali na ngamia haniachi.

Nikaona nichunguze hizi herufi zimetoka wapi. Zimetoka Marekani, kwa mama na binti yake, Katharine Briggs na Isabel Briggs Myers, ambao hata saikolojia hawakuisomea. Binti alileta nyumbani mchumba, kijana aitwaye Clarence Myers, na mama akaona kijana huyu hafanani na mtu yeyote wa ukoo wao. Ndipo akaanza kupanga binadamu kwa mafungu. Kwa hiyo elimu yote hii ilianza kwa mama mkwe aliyeshindwa kumwelewa mkwe. Huku kwetu mama mkwe hatungi maswali. Anatuma shangazi wawili, na kabla ya Ijumaa tunajua kijana anadaiwa na nani, analala saa ngapi na babu yake alikufa kwa ugonjwa gani. Wenzetu walichukua njia ndefu. Walisoma kitabu cha Carl Jung wa Uswisi, kilichotoka 1921, wakakipanua, na binti akatoa maswali yake ya kwanza mwaka 1943, katikati ya vita. Mafungu yakawa 16. Burundi ina watu zaidi ya milioni 12. Ukiwagawa sawasawa, kila fungu linapata watu laki saba na nusu. Sisi laki saba na nusu ndio tusiofanana na wengine.

Huyo Jung mwenyewe, aliyefundisha dunia kwamba kuna watu wa ndani na watu wa nje, alifika pande zetu. Mwaka 1925 aliteremka Mombasa, akapanda treni hadi Nairobi, akaenda kukaa kwa wenyeji wa Mlima Elgon, akiwa na Kiswahili cha kuombea maji. Na alikuja na daktari Mwingereza, Peter Baynes, na kijana Mmarekani, George Beckwith. Njiani akaongezeka bibi mmoja Mwingereza, Ruth Bailey. Kisha wapagazi, mpishi na askari. Kama baba wa watu wa ndani alihitaji mpishi, sioni kwa nini mimi nipelekwe jangwani na ngamia.

Wanasaikolojia wengi hawautegemei mtihani huu, na si ajabu mtu akiurudia baada ya wiki chache apate herufi nyingine. Wauzaji wa safari hilo haliwasumbui. Wao wamegundua jambo moja, na nakiri wana akili: mtu anayejiona hafuati kundi ndiye rahisi kuuziwa. Ukimwambia kila mtu ananunua, atakataa. Mwambie ni wachache mno watakaoelewa, ataingiza mkono mfukoni kabla hujamaliza sentensi.

Halafu uje kwenye bei. Hoteli na kampuni za safari nyingi hupanga gharama kwa kuhesabu watu wawili chumba kimoja. Ukija mmoja unalipa nyongeza, kwa kosa la kutokuja na mtu. Tangazo linasema uhuru kwa herufi kubwa, na nyongeza imeandikwa kwa herufi za dawa ya kikohozi. Wanaoshindwa nyongeza wametengenezewa dawa nyingine, nayo nilisoma mara mbili nikidhani ni macho yangu: safari ya kundi kwa ajili ya wanaosafiri peke yao. Watu kumi na wawili, kumi na sita, kila mmoja peke yake, ndani ya basi moja, na mwongozaji wa kuwahesabu kila baada ya kukojoa. Hiyo Bujumbura tunaiita kwenda Gitega.

Nikasema basi, nami nitakwenda zangu Rumonge. Nitakaa ufukweni, nitatazama ziwa, sitazungumza na mtu. Nilikuwa sijafika barabarani, fundi wa gereji ya jirani akatoa kichwa chini ya gari.

"Mzee, nani kafa?"

"Hakuna aliyekufa."

"Nani anaumwa?"

"Wote wazima, alhamdulillahi."

"Kuna mtu anakudai? Au wewe ndiye unamdai?"

Nikamwambia nakwenda kupumzika. Akafuta mikono kwenye tambara, taratibu, kidole kimoja kimoja, akanitazama kwa huruma. Kisha akavuka njia kwenda kumuuliza mke wangu kama nyumbani kuna amani.

Habari zikasambaa, na zikarudi na mizigo. Shangazi alikuja na kitenge cha kumpelekea binti yake aliyeolewa Rumonge, na ujumbe wa mdomo wenye sura tatu. Mama wa duka alileta dawa za presha za mdogo wake. Kijana mmoja nisiyemfahamu alinikabidhi chaja. Na kwa kuwa Rumonge ndiko yanakotoka mawese, kila aliyenipa mzigo wa kwenda alinipa pia dumu tupu la kurudi nalo. Mtu asiyehitaji kushikwa mkono alitoka Buyenzi mikono yote miwili imejaa.

Gari lilikuwa Probox. Kiwandani iliandikiwa watu watano, lakini kiwanda hakijawahi kutafuta mafuta Bujumbura. Tangu uhaba huu wa mafuta uanze mwaka 2021, dereva akiyapata huyagawa kwa idadi ya makalio. Mama aliyekaa kando yangu alikuwa na watoto wawili na mapaja yasiyotosha. "Papa, nipokelee huyu," akasema, wala hakungoja jibu. Yule mtoto akanishika kidole gumba na kulala nacho. Kwa nyuma jamaa mmoja alikuwa akizungumza kwenye simu juu ya kiwanja, na tulipovuka Kanyosha gari zima lilikuwa limeshampa ushauri, mimi nikiwa wa pili kuchangia. Sikutaka. Lakini alikuwa anaibiwa.

Kiasi cha kilomita 12 kusini mwa mji, pale Mugere, lipo jiwe kubwa ambalo wageni hupelekwa kupiga picha. Limechongwa majina mawili, Livingstone na Stanley, na tarehe 25 Novemba 1871. Walikuja kwa mtumbwi kutoka Ujiji kuchunguza kama mto Rusizi unatoka ziwani au unaingia. (Unaingia. Mvuvi yeyote angewaambia.) Watalii hutajiwa wawili hao kama mababu wa wasafiri wapweke. Ebu tuhesabu. Stanley aliondoka pwani na watu karibu mia mbili, akiwemo Sidi Mubarak Bombay, ambaye kabla yake alikwisha kuwafikisha Burton na Speke kwenye ziwa hili hili. Livingstone alikuwa na Susi na Chuma waliokula naye njaa miaka. Alipofariki mwaka 1873, katika nchi ambayo leo ni Zambia, wao na wenzao waliubeba mwili wake hadi Bagamoyo. Msafiri mpweke huyo hata umauti haukumpunguzia msafara! Na bado jiwe lina majina mawili. Waliopiga makasia hawakupata hata herufi nne.

Kwa wanaotaka upweke wa leo, Kilimanjaro nako wamebana. Tangu 1991 kanuni za hifadhi haziruhusu kupanda bila mwongozaji mwenye leseni, na mwongozaji huja na wapagazi na mpishi. Unafika kileleni kujitafuta, umezungukwa na watu wanaokuuliza kama umekunywa maji. Na mtu akitaka mfano kutoka kwetu, aende barabara ya Bugarama, mlima wa zaidi ya mita 2,000, awatazame vijana wa baiskeli wanaoteremsha ndizi mjini. Wakishuka, kila mtu na breki yake na Mungu wake. Wakipanda, wananing'inia nyuma ya lori.

Nasema haya nikijua kwamba mji huu una watu wanaosafiri peke yao kwelikweli, ila hakuna anayewatangazia kitu. Ni akina mama wa biashara. Alfajiri wanavuka Gatumba kwenda Uvira, wengine wanafika Kigoma, Kampala, hata Dubai, pesa zimefungwa kiunoni, lugha nne mdomoni, wamewaacha watoto kwa dada zao. Wanajua ofisa gani wa mpakani ana njaa na basi gani halina spea. Sijawahi kumwona mmoja wao juu ya jabali ametupa mgongo. Na wako waliokimbia machafuko ya hapa mwaka 2015 na mfuko mmoja, wakarundikana ufukweni Kagunga, hadi Liemba, meli iliyoundwa Ujerumani mwaka 1913, ikaja kuwabeba kuwapeleka Kigoma. Wengine walipanda peke yao kwa sababu waliokuwa nao walikuwa wametawanyika. Simu inaponiambia kwamba upweke ni zawadi ninayostahili kujipa, huwakumbuka hao, na huizima.

Rumonge nilifika. Nikaingia kabare moja ya ufukweni, nikachagua meza ya pembeni, nikaagiza mukeke wa kuchoma, ndizi na Fanta.

"Wenzako wanakuja saa ngapi?" dada wa pale akauliza.

"Niko peke yangu."

"Haya," akasema, akaenda kuleta viti vingine viwili.

Sikumlaumu. Katika nchi ambayo pombe ya mtama hunywewa kwa mirija kutoka chungu kimoja, mtu anayekaa peke yake ama ni mpelelezi ama anatafuta pa kuazima. Kabla samaki hajageuzwa, viti vilikuwa na watu. Mmoja alimjua shemeji yangu, na alikuwa na malalamiko juu yake tangu mwaka juzi. Tuliyashughulikia. Ziwa nililitazama kidogo, wakati mmoja wao alipokwenda kunawa mikono. Jioni nilipakia madumu ya mawese, mengine si ya walionituma bali ya majirani zao, waliopiga simu nikiwa huko.

Mpwa alipokuja kuchukua dumu lake, akaniambia ana wazo. "Mjomba, tutengeneze tangazo letu. Hawa watu wa peke yao wana pesa." Tukakaa ukumbini, yeye anaandika, mimi nasoma kwa sauti. Njoo Bujumbura peke yako. Chumba cha mtu mmoja hakina nyongeza, kwa sababu hutalala mwenyewe: mpwa atatandika mkeka hapo chini, usije ukaogopa. Utapokewa uwanja wa ndege na watu saba. Ukitaka kutembea ukitafakari, fundi wa gereji atakusindikiza.

Shangazi alikuwa mlangoni anakagua kitenge nilichorudi nacho, maana binti alikikataa rangi. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Huyo mgeni, mama yake anajua kwamba anakuja?"

"Shangazi, ni mtu mzima."

"Basi wekeni namba yangu ya simu, nimpigie mama yake. Na muandike asije bila sukari. Kilo mbili. Huku haipatikani."