Namna ya Kupangisha Wanachuo na Bado Ukala Ndizi Zako

Kwanza, weka panga chini. Dalali ameshalipima shamba lako kwa hatua na kukuhakikishia kwamba penye migomba patakaa vyumba kumi vya masta, kila mwanachuo na kodi ya miezi sita mkononi. Mwache apime. Wewe hesabu asichokihesabu yeye: mgomba unalisha watu, shina lake linalisha ng'ombe wa bandani, samadi inarudi kwenye mgomba. Ukiifyeka migomba yote utauza na ng'ombe, kisha utapanga foleni dukani pamoja na wapangaji wako kununua maziwa ya pakiti. Rungwe hii hii!

Jenga, sikukatazi. Vitanda vikijaa Chuo cha Ualimu Tukuyu au Mpuguso, vijana walale wapi? Ila jenga upande wa barabara, na uchimbe mfereji kabla ya kuezeka. Mvua ya hapa hupita milimita 2,000 kwa mwaka, na maji ya bati yasipopewa njia yatapita jikoni kwa jirani.

Pili, wapokee kama vijana wa nyumbani. Jambo hili wazee wa Kinyakyusa walilijua vizuri kuliko dalali yeyote. Godfrey na Monica Wilson, waliofanya utafiti huku miaka ya 1930, walikuta wavulana wa miaka kumi hivi wakitoka kwa baba zao na kujenga vibanda pembezoni, kijiji cha rika lao. Monica alikieleza kwa kirefu mwaka 1951 katika kitabu chake Good Company. Walilala vibandani mwao, lakini shamba la baba waliendelea kulilima, na kula walikwenda kwa kundi, leo kwa mama wa huyu, kesho kwa mama wa yule. Hakuna aliyekaa pembezoni bila kujulikana. Basi mpangaji wako mpeleke kwa balozi, umwonyeshe bibi anayeuza ndizi na maziwa, na siku ya msaragambo mgongee mlango mapema. Akisema ana mtihani, mwulize wa somo gani.

Mwisho, chumba kimoja mwachie mchuma chai anayelipa mwezi kwa mwezi. Huyo ndiye anayesukumwa mbali na mji kila kodi ya miezi sita inapokuwa sharti. Chuo kikifungwa wanachuo watafunga mizigo. Yeye atakuwepo, na kodi yake pia.