Hongera, Nyota, kwa Kutugundua

Tumpe Ray Davies wa The Kinks haki yake. Mwaka 1964 bendi yake ilitikisa dunia kwa gitaa lenye mkwaruzo, spika imechanwa kwa wembe, basi. Kufikia 1975 walishakomaa, ikahitajika albamu nzima, Soap Opera, kututangazia kwamba mtu wa kawaida yupo. Humo, nyota anajitoa mhanga kuishi kama Norman, mtu huyo wa kawaida: anawahi treni, anashinda ofisini, anapitia baa, anarudi kwa mke aliyetundika bata wa mapambo ukutani. Bata! Tangu Livingstone agundue maporomoko ambayo wenyeji walishayapa jina, hatujapata mgunduzi jasiri hivi. Ibn Battuta mwenyewe alifika Kilwa, lakini treni ya asubuhi hakuithubutu. Nasi tunaoipanda kila siku, tena bila wapiga tarumbeta, tuna uso gani wa kulalamika?