Korosho Ikipanda Meli, Ajira Nayo Inapanda

Msyuuu! Jamani, nani kawaambia ajira zinatangazwa jukwaani? Kila kampeni tunaahidiwa ajira kwa mamilioni, vijana wanapiga makofi, kesho yake wamerudi kijiweni wanasubiri abiria. Nasema hivi: mwenye kutaka kuziona ajira za kusini mwa Tanzania, msimu wa korosho ukifunguliwa Oktoba aende bandari ya Mtwara. Atazikuta ndani ya magunia, zinapakiwa kwenda India na Vietnam.

Korosho ghafi hiyo! Kuna kuichemsha, kuibangua, kuikausha, kumenya ganda la ndani, kuipanga madaraja na kuifungasha. Kazi hizo nyingi ni za mikono, tena mikono ya akina mama wa Newala na Tandahimba. Tukiiuza na ganda lake, tumeuza na mshahara wao.

Kijana mmoja hapa ananibishia: "Sasa mzee, si serikali ijenge viwanda?" Ah wapi! Ilishajenga, kwa mikopo ya Benki ya Dunia, enzi za miaka ya 1970. Msimu wa 1973/74 tulivuna zaidi ya tani 140,000. Kisha watu wakahamishiwa vijiji vya ujamaa wakaacha mikorosho yao mbali, bei ikawa ya kukatisha tamaa, ugonjwa wa ubwiriunga nao ukaingia. Kufika katikati ya miaka ya 1980, mavuno hayakufika hata tani 20,000. Viwanda vikakosa cha kubangua, vikafungwa. Baadaye vikabinafsishwa, na vingine vikageuzwa maghala ya kuhifadhia korosho ghafi ile ile!

Kwa hiyo shida si kuta wala mashine. Shida ni mtaji wa kununulia korosho. Minada ya korosho inachukua miezi michache tu, lakini kiwanda kinatakiwa kibangue mwaka mzima. Mbanguaji wetu lazima anunue akiba ya mwaka ndani ya miezi hiyo, kwa mkopo wa riba kubwa, akishindana na mnunuzi wa nje mwenye fedha za bei rahisi. Hapo anashindwa kabla hata mashine haijawashwa.

"Basi wapige marufuku kuuza ghafi!" Hapana, ndugu yangu. Ukimfungia mkulima soko, bei inaanguka, na yeye ndiye anayelipia ajira ya mwenzake. Matumizi ya nguvu tumeshayaona: Novemba 2018 serikali yenyewe iliamua kununua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na wakulima wengi wakasota kusubiri malipo. Viwanda havikujaa kwa amri ile.

Tazameni ng'ambo ya mto Ruvuma. Miaka ya 1990 Msumbiji ilishinikizwa na Benki ya Dunia ipunguze ushuru wa kuuza nje korosho ghafi. Korosho ikatoka, viwanda vikafungwa, maelfu wakapoteza kazi. Baadaye wakapandisha ushuru, na viwanda vidogo vikaibuka Nampula. Sera iliua kazi, sera ikasaidia kuzirudisha.

Nasi ushuru tunao: sheria iliweka asilimia 15 ya thamani ya mzigo bandarini au dola 160 kwa tani, ipi iliyo kubwa. Mwaka 2018 fedha zote za ushuru huo zikaelekezwa Hazina. Zirudi kusini! Zidhamini mkopo wa riba nafuu kwa mbanguaji, na korosho yake iliyoko ghalani iwe dhamana. Mfumo wa stakabadhi ghalani tunao tangu 2007. Mbanguaji wa ndani apewe mnada wake wa kwanza, kwa bei ya soko, mkulima asipunjwe hata senti. Na vikundi vya akina mama wanaobangulia nyumbani vihesabiwe kuwa wabanguaji, vikopeshwe kama wengine.

Mgombea akija tena na mamilioni yake ya ajira, msimpigie makofi kwanza. Mwulizeni: msimu huu wabanguaji wa ndani watanunua tani ngapi, na watakopeshwa kwa riba gani? Asiye na majibu ya hayo mawili hana ajira ya kumpa mtu.