Mwalimu, Si Upo Likizo?

Ikifika katikati ya Mei, simu yangu hupata umaarufu ambao haikuwa nao tangu Januari. Ndugu ambao nilidhani wameshanifuta kwenye orodha ya walio hai wanakumbuka ghafla kwamba sisi ni wa tumbo moja. Salamu zinarefuka. Afya ya mama watoto inaulizwa, ya watoto inaulizwa, ya mguu wangu ulioteguka mwaka juzi inaulizwa, kisha linakuja lenyewe: "Eti mwalimu, safari hii shule zinafunga lini?"

Sijawahi kusikia mhasibu akiulizwa benki inafunga lini mwezi wa sita. Nesi haulizwi. Dereva wa daladala haulizwi. Ni mwalimu peke yake ambaye mapumziko yake ni mali ya ukoo.

Kuna imani imekaa vichwani mwa watu na haitoki hata kwa koleo: kwamba mwalimu anafanya kazi mpaka saa nane mchana, mwezi wa sita anakaa bure, wa kumi na mbili anakaa bure tena, na mshahara unaingia. "Nyie walimu mnafaidi," aliniambia jirani yangu mwenye duka. "Mnalipwa kwa kulala." Nikamweleza kwamba likizo ile imewekwa kwa ajili ya watoto, mwalimu amejikuta ndani yake kwa sababu watoto wakishaondoka hawezi kufundisha madawati. Akacheka sana. Alipomaliza kucheka akaniuliza kama wiki ijayo nitakuwa na nafasi ya kumshikia duka.

Hebu niwaambie huko ninakotoka kabla ya hiyo likizo. Nafundisha Darasa la Pili katika shule moja ya msingi hapa Dar es Salaam, upande wa Mbagala. Kwenye karatasi, mwalimu mmoja wa shule ya msingi anastahili wanafunzi 45. Karatasi ni kitu kizuri. Tangu elimu bila malipo ianze mwaka 2016, watoto wamekuja kwa wingi, na ni haki yao kuja, ila mimi sikuongezwa mikono. Nina zaidi ya tisini. Dawati la watatu wanakaa wanne, na wa tano anakaa kwa zamu kila mwenzake akienda chooni.

Kazi yangu inaitwa KKK: kusoma, kuandika na kuhesabu. Wajuzi wa mitaani wanasema kusoma Kiswahili ni rahisi, silabi karibu zote zinaishia na irabu, ukishajua ba, be, bi, bo, bu umemaliza. Anayesema hivyo aje nimkalishe na mtoto wa miaka saba mbele ya neno "ng'ang'ania". Mtoto analiangalia neno, neno linamwangalia, na kengele inalia hawajapatana. Halafu kuna wale wasomaji mahodari, wanaosimama na kusoma ukurasa mzima kwa sauti ya mtangazaji wa redio, mpaka unasogea karibu unaona kitabu kimegeuzwa miguu juu. Amekariri. Ukimwonyesha neno moja katikati ya ukurasa, anaomba aanze tena mwanzo ili alifikie.

Kuhesabu nako kuna mambo yake. Nilianza mwaka na punje za mahindi, nikifundisha kujumlisha. Punje zikaliwa, somo likageuka la kutoa bila mimi kulipanga. Nikaona afadhali visoda, ambavyo havivunjiki na haviliwi. Nikaagiza kila mtoto alete visoda 20. Sasa visoda vinapatikana wapi kwa wingi? Baada ya siku mbili mzazi mmoja akanijia uso kwa uso, amevimba: "Mwalimu, wewe unatuma watoto wetu baa? Wamepita chini ya meza zote wanaokota vifuniko!" Mtaa mzima ukajua kwamba mwalimu wa Darasa la Pili anatuma watoto baa. Hakuna aliyejiuliza yule mzazi aliwaonaje hao watoto chini ya meza saa nne asubuhi.

Na zile hesabu za kutoa kwa kukopa ndizo zilizonimaliza. Naandika ubaoni 42 kutoa 17. Nawaambia, mbili kutoa saba haiwezekani, kwa hiyo tunakwenda kwa jirani, tunakopa kumi. Darasa zima linaitikia, "Tunakopaaa!" Mtoto mmoja wa dawati la nyuma, ambaye huwa hasemi, akanyoosha kidole. "Mwalimu, hiyo kumi tutairudisha lini?" Nikamwambia akae. Mtaala hauna jibu la swali hilo. Chama chetu cha kuweka na kukopa kinalo, na hunikumbusha kila mwisho wa mwezi.

Hapo bado ripoti za muhula. Kila ripoti ina mstari wa maoni ya mwalimu wa darasa. Watoto wa mwanzo nawaandikia sentensi kamili, zenye mkato na nukta: mchangamfu, anapenda kusoma, asaidiwe mwandiko. Umeme ukikatika na mshumaa ukafika nusu, wote waliobaki wanapata maneno mawili: "Aongeze bidii." Sasa binti yangu yuko Darasa la Nne shuleni hapo hapo. Juzi akaniletea ripoti yake, nikafungua kwa matumaini ya mzazi. Maoni ya mwalimu: "Aongeze bidii." Nilijua papo hapo binti yangu alikaa upande gani wa rundo la ripoti, na mshumaa wa mwenzangu ulikuwa umefika wapi.

Basi shule zinafungwa, na ndugu wanashusha mizigo. Dada yangu alimleta mwanawe na begi lenye kaptula mbili na agizo moja: "Kaka, mpige msasa kidogo kwenye hesabu." Sukari hakuleta. Mchele hakuleta. Alileta kazi. Kaka yangu naye akaleta wawili, "wabadilishe hali ya hewa", kutoka Mbezi, hapa hapa Dar. Shemeji zangu hawakutaka kuonekana hawana upendo. Nyumbani kwangu kukawa na watoto tisa, wangu watatu wakiwemo. Wengine wananiita mjomba, wengine baba mdogo, na mmoja ananiita anko kwa sababu kwao kuna king'amuzi.

Hesabu za maneno nazijua, lakini hizi sikuzikuta kwenye kitabu cha kiada. Mwalimu ana mkate mmoja wenye vipande 20. Watoto ni tisa na kila mmoja anakula viwili. Mama watoto anakula kimoja. Mtoto mmoja anarudi kimyakimya. Je, mwalimu atakunywa chai na nini? Onyesha njia.

Kinachoniuma zaidi ni cheo. Shuleni nikigonga meza kwa kifutio, watoto tisini wananyamaza mpaka unasikia nzi. Nikisema jua linachomoza magharibi, jioni hiyo nyumba tisini zitakuwa na ugomvi, kwa sababu "mwalimu amesema". Wazazi wenye shahada wameshindwa kunipinga. Huku nyumbani, namwelekeza binti yangu namna ya kugawanya kwa njia ndefu, anasikiliza kwa adabu, kisha ananifutia. "Baba, siyo hivyo. Mwalimu wetu amesema tuanze huku." Mwalimu wenu! Yule mwalimu wenu tunakaa meza moja ofisini, ananidai kalamu nyekundu, na njia hiyo ya kugawanya tuliijadili wote wawili tukakubaliana! "Nitamuuliza shule zikifunguliwa," binti yangu akasema, akafunga daftari. Sasa rufaa yangu inasubiri Julai, mbele ya mtu anayenidai kalamu.

Wale wa kupigwa msasa nao hawapigiki. Nilitengeneza ratiba, nikaibandika ukutani: saa tatu kusoma, saa nne hesabu, saa tano mapumziko. Ilifuatwa kwa uaminifu mkubwa kuanzia saa tano. Mama yangu, ambaye naye alikuwa amekuja kutusalimia, akaamua kunisaidia somo la kusoma. Mimi nawafundisha watoto sauti za herufi, kama tunavyoelekezwa siku hizi. Yeye akawakalisha kwenye jamvi na kuwaimbisha "a, be, che, de" hadi paa likatikisika. Nikamwambia, "Mama, tunaanza na sauti ya herufi." Akaniangalia kwa huruma. "Wewe nilikufundishaje mpaka ukawa mwalimu?" Kikao kikafungwa.

Kuna kishikwambi pia. Baada ya Sensa ya mwaka 2022, vile vifaa vya makarani vilikabidhiwa kwa walimu vitusaidie kazini, na kwa kweli vinasaidia. Ila tafakari: kifaa cha aina ile kilishiriki kuhesabu Watanzania 61,741,120, kikapita milimani na visiwani, kikarudi salama. Kimefika sebuleni kwangu, kimekamatwa. Nikitaka kuandaa azimio la kazi la muhula wa pili napanga foleni nyuma ya watoto wanaotazama katuni. Wanatazama Ubongo Kids, tena za hesabu, na hapo ndipo palipo na dhihaka yenyewe. Mhusika wa katuni anawafundisha sehemu wanaelewa, wanaimba. Mimi mwenye cheti, nipo hapo hapo kwenye kochi, bure, sina hata tangazo katikati, hawanitaki.

Ukifikiri nitapata nafuu nikitoka nje, hujui maisha ya mwalimu mtaani. Juni pana kamati za harusi na mwalimu ndiye katibu, kwa hoja mbili ambazo hazijawahi kupingwa kikaoni: ana mwandiko mzuri, na yupo likizo. Pakiwa na msiba, kabla sijakaa nimpe mkono mfiwa, naletewa meza, daftari na boksi la rambirambi. Sijawahi kulia kwenye msiba wa mtu, nimekuwa nikiandika. Na mweka hazina wa kamati ya harusi akitoweka na senti kidogo, watu wanamgeukia katibu, maana ndiye "msomi".

Watoto nao wakataka kutembezwa. Walisikia habari za treni ya umeme, ile ya SGR iliyoanza safari za Dar es Salaam na Morogoro Juni 2024, wakakubaliana kwa kauli moja, jambo ambalo hawajawahi kulifanya kuhusu kuosha vyombo. Nikachukua kalamu. Nauli ya kawaida ilipoanza ilikuwa shilingi 13,000 kwa mtu mzima, mtoto wa miaka 4 hadi 12 nusu yake. Watoto tisa, 58,500. Mimi na mama watoto, 26,000. Jumla 84,500, na hapo tumefika Morogoro, hatujarudi. Kwenda na kurudi 169,000, kabla mtu hajaona mtu mwingine anakula chipsi. Hiyo ni hesabu ambayo hata ukikopa kwa jirani haitoki.

Nikasema wataona maonyesho ya Sabasaba. Hayo hawana namna ya kuyasahau, kwa kuwa ukienda mjini kutoka Mbagala kwa Barabara ya Kilwa unapita mbele ya viwanja vyenyewe, na tisa wote wanageuza shingo kwa pamoja. Viwanja vile vinaitwa kwa jina la Mwalimu Julius Nyerere. Nilidhani neno la kwanza katika jina hilo lingetusaidia kidogo getini sisi tulio kwenye fani. Wapi. Mwalimu analipa kiingilio sawasawa na muuza matrekta.

Mwisho nikawapeleka Feri, nikawapandisha pantoni ya Kigamboni. Chombo kikubwa, kinabeba hadi malori, kinakwenda, kinarudi, nauli yake inasemeka mbele ya mke. Tukavuka, tukasimama ng'ambo tukatazama tulikotoka, tukavuka tena. Niliwaeleza habari za mkondo wa bandari, meli kubwa na samaki wa soko la Feri, nikatumia sauti yangu bora kabisa ya kufundishia. Tulipokanyaga nchi kavu, yule wa dada yangu, wa msasa, akanivuta shati. "Mjomba, treni yenyewe iko wapi?"

Siku waliyokuja kuchukuliwa, mama zao walishuka wamenawiri, ngozi laini, usingizi umewakaa usoni. Dada yangu akamwita mwanawe palepale mlangoni: "Haya, saba mara nane?" Mtoto akatazama juu, akatazama kuku, akasema, "Pantoni." Dada akanigeukia. Hakusema kitu mbele za watu, lakini usiku nikapata ujumbe: "Kaka, hivi huko shuleni nako huwa unafundisha hivyohivyo?"

Julai nikarudi kazini nikiwa na haraka ambayo wenzangu waliielewa bila kuuliza. Wote tulifika kabla ya kengele, hata yule mwenzetu ambaye kila Ijumaa huugua malaria. Somo la kwanza nikaweka kusimulia: kila mtoto asimame aeleze alivyotumia likizo. Mmoja alikwenda Mkuranga kula mafenesi. Mmoja alifundishwa kuendesha baiskeli akapoteza jino. Akasimama yule wa dawati la nyuma, mwenye deni la kumi.

"Mimi nilipelekwa kwa mjomba wangu Tandika. Ni mwalimu. Mjomba anapenda kulala mchana, na akiamka anasema kichwa kinamuuma."

Darasa likaangua kicheko. Nikagonga meza kwa kifutio, wakanyamaza wote tisini.

"Mlipelekwa wangapi kwa huyo mjomba?"

"Kumi na moja, mwalimu."

"Darasa, simameni," nikasema. "Mpigieni makofi mjomba wake."